Spoki Shingoni mwa Gitaa

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na mji wa Kakamega, na nilikuwa mtu wa hasira za karibu. Nikiwa na gitaa mkononi hasira zilitulia, na nadhani ndiyo sababu mke wangu alilipenda kuliko nilivyolipenda mimi.

Likizo moja nilikwenda Kabras kumsaidia baba kukata miwa, panga likanikata kiganja cha kushoto. Jeraha lilipona, lakini vidole viwili vilibaki dhaifu, havikuweza hata kufunga kifungo cha shati. Gitaa lenyewe lilikuwa kuukuu. Freti zake, vile vyuma vyembamba vilivyolazwa shingoni ili uzi ukibanwa hapo utoe sauti yake, zilikuwa zimelika hadi zikawa bapa. Freti bapa inataka ubane kwelikweli, la sivyo uzi unakwaruza tu. Sisi wapigaji wa kwetu tuliionea fahari kazi hiyo. Tukisalimiana tulipapasana sugu za vidole, tujue nani mpigaji na nani mtazamaji.

Sasa nilibana, gitaa likakwaruza. Nikalitundika ukutani na kumwambia mke wangu asiniulize habari zake tena. Iliniuma kuliko lile panga.

Hakuniuliza. Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta msumari mtupu. Alikuwa amelipeleka sokoni kwa fundi wa baiskeli, mzee asiyejua kupiga hata wimbo mmoja. Nilipofika huko, fundi alikuwa amekwisha kung'oa freti zote na kupachika vipande vya spoki, akavipiga tupa na msasa hadi mgongo wa kila kimoja ukawa wa mviringo, laini.

Nikalinyakua. Nikabana kama nilivyozoea, vidole vizima vikivisaidia vile vibovu. Kila sauti ilipanda ikapita mahali pake. Nikamfokea mzee wa watu mbele ya wateja wake kwamba ameniharibia gitaa.

"Mwalimu," akasema taratibu, "wewe unashikanga hizo nyuzi kama ingokho, kuku inataka kutoroka kisu. Hiyo chuma sasa iko juu. Bibi yako aliniambia mkono hauna nguvu, nikatengeneza ya mkono hauna nguvu. Guza tu."

Niliguza kwa kidole kibovu kuliko vyote, nia yangu ikiwa kumwonyesha ujinga wake. Uzi ukalia, safi kabisa. Nikaguza mwingine, nao ukalia. Niliona haya kiasi kwamba niliondoka bila kusema asante.

Jumamosi asubuhi tulikwenda wawili, tukakaa kwenye benchi la wateja. Mke wangu alishika chupa ya soda na msumari wa kugongea mdundo, nami nikapiga nyimbo zote nilizodhani nimezizika. Nilishukuru kwa njia niliyoijua. Fundi alikuwa akinyoosha gurudumu, na hakuinua kichwa. Nikadhani ana kinyongo bado, na angekuwa na haki. Nilipomtazama vizuri nikaona amelikumbatia gurudumu kwa mikono yote miwili, ili lisizunguke likamzuia kusikia.