Nyumba Aliyoivunja Ubwa

Mdogo wangu Ubwa hajapata kumpiga mtu tangu azaliwe. Mimi ndiye wa kusema hayo, maana mimi ndiye dada yake, Kazija, na utotoni nilikuwa nampiga mimi, yeye analia tu na kunishitaki kwa mama. Anachokijua kupiga ni sufi. Ni fundi magodoro hapa hapa Kikwajuni, mwaka wa thelathini na nane sasa. Anakaa uani na fimbo yake ya mpera, anaipiga sufi mpaka inafura na kumjaa kwenye nyusi, na ukipita kumsalimia utapiga chafya kabla hujamaliza salamu. Mtaa huu biharusi wote wamelalia godoro la Ubwa. Hata hao walionunua maspongi ya dukani, mgongo ukiwauma wanarudi kwake kimya kimya, na yeye hawasemi.

Mwaka huu ikafika zamu ya binti yake mwenyewe, Shemsa. Mama yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo shughuli yote ilikuwa mikononi mwangu, nikaha Ijumaa baada ya alasiri. Godoro ndilo lililokuwa la Ubwa. Alikwenda mwenyewe Mangapwani kuchagua sufi, akaitoa mbegu moja moja, hataki kusaidiwa. Mpaka Jumapili lilikuwa limejaa nusu, limelala uani limevimba upande mmoja.

Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa fainali ya mpira wa mitaa. Dakika za mwisho refa akatoa penalti, na baada ya hapo mimi sijui nani alianza, na anayekwambia anajua ni mwongo. Mawe yalirushwa. Watu wawili walipasuliwa vichwa, maduka yakavunjwa vioo, na kioo cha dirisha la Msabah nacho kikaenda.

Msabah ni fundi saa, Mtumbatu, jirani yetu wa mlango wa pili. Yeye na Ubwa wanashindana bao tangu wote wawili wana nywele. Kila alasiri wako barazani, wanatukanana kwa adabu, na atakayefungwa siku hiyo haagi. Jumapili hiyo pia walikuwa wanacheza, fujo zikawakuta hapo hapo, kila mmoja akakimbilia kwake. Ubwa alikimbia na fimbo yake ya sufi mkononi, kichwa cheupe pepepe. Watu walimuona.

Jioni, mambo yameshatulia, huyu mdogo wangu asiye na akili akashika simu akatuma sauti kwenye kundi la wasapu la mtaa. Nami nimo kwenye kundi hilo, nilimsikia kwa masikio yangu: "Jamani, leo nimemvunjia nyumba Msabah! Nimemmaliza mkononi, hata pumzi hakupata. Na kesho namrudia!" Akamalizia kwa kicheko.

Sisi sote tulielewa. Nyumba ni lile shimo kubwa la bao, la pembe nne, mtu anapolimbikiza kete zake. Na kufungwa mkononi ni kushindwa na kete za kuanzia, zile ishirini na mbili, bado umezikamata, hujapata hata kuzitia zote. Ni aibu kubwa. Mtu mzima akifungwa mkononi hupita njia ya nyuma siku tatu.

Lakini mmoja katika kundi akairusha sauti ile kwengine, na huko kwengine ikafika kituoni. Mpelelezi aliyeipokea alikuwa mgeni, amehamishiwa Unguja mwezi uliopita. Ana dirisha lililovunjwa kwa Msabah, ana watu waliomuona Ubwa anakimbia na fimbo, sasa ana sauti ya Ubwa mwenyewe anajisifu. Jumatatu asubuhi wakaja kumchukua. Nilipiga makelele mpaka sauti ikanikauka, wapi! Ubwa alinigeukia na kusema, "Dada, usiache mvua ilinyeshee godoro."

Akafikishwa mahakamani, akasomewa shitaka la ghasia na kuharibu mali. Upande wa mashtaka wakapinga dhamana, hakimu akasema atasikiliza hoja Jumatano, na mdogo wangu akapelekwa rumande. Fundi magodoro amelala juu ya saruji. Kila nikilifikiria hilo nilikuwa naacha kukaanga maandazi ya shughuli nikakaa chini.

Lililonitia wazimu ni hili: Ubwa alishawaeleza polisi kuwa ni bao. Wakamwambia, "Msabah mwenyewe kaandikisha kuwa mchezo haukumalizika, fujo ziliwakatiza." Yallah! Nikafahamu hapo hapo. Lile zee lilipokwenda kuripoti kioo chake liliona haya kusema limefungwa mkononi.

Jumanne nikamwendea dukani. Sikumpa hata salamu.

"Msabah, ulifungwa hukufungwa?"

Akajitia kuishughulikia saa, miwani imemshuka puani. "Bi Kazija, mchezo ule ulikuwa na utata."

"Utata wa nini? Ubwa yumo ndani! Shemsa anaolewa Ijumaa hii, babake ndiye walii wake, na mtoto keshasema hataki kuozeshwa na mtu mwengine, bora ivunjwe shughuli. Wewe unanambia utata?"

"Nshawaambia watu barazani kuwa hatukumaliza," akasema, sauti imemnywea. "Nikigeuka leo, ntaonekana mwongo juu ya kufungwa."

"Kwani si ndivyo ulivyo?"

Akaifunga ile saa, akaifungua tena. Kisha akasema, "Ntafikiri." Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa kwa kuwa nina udhu. Nikaondoka nikalia njia nzima mpaka Michenzani, na mimi si mtu wa kulia.

Jumatano mahakama ilijaa Kikwajuni nzima. Mimi na Ayoub, muuza kahawa wetu, tulikuwa na vitambulisho na barua za sheha, tayari kumdhamini. Ubwa akaletwa. Siku mbili tu na amesinyaa, na juu ya sikio bado ana kipande cha sufi, kimekwenda naye mpaka rumande kimerudi naye. Shemsa alinibana mkono mpaka pete ikanichoma.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, macho makali. Mwendesha mashtaka kijana akasimama, nadhifu, kila neno lake limepigwa pasi. Akasema mshitakiwa ni hatari. Ghasia zile zimeumiza watu, na mshitakiwa amekiri kwa kinywa chake kuvunja nyumba ya shahidi na kummaliza kwa mikono. Tena ameahidi kumrudia, kwa hiyo akiachiwa atamdhuru shahidi kabla kesi haijasikilizwa. Akaicheza ile sauti. Mahakama nzima tukaisikia, pamoja na kicheko. Watu wa nyuma wakaanza kucheka, hakimu akawatazama, wakaufyata.

"Mshitakiwa anasema ni bao," hakimu akasema. "Hilo linanihusu. Watu wawili wana nyuzi vichwani na mimi sitalifanyia mzaha jambo hilo. Lakini kumfungia mtu ambaye hajahukumiwa nalo si jambo dogo. Hasira za mtaa hazinitoshi. Unionyeshe kwamba huyu, akitoka, atadhuru mtu."

"Mheshimiwa, hadithi ya bao inakanushwa na mwathirika mwenyewe," kijana akajibu, akafunua karatasi. "Katika maelezo yake shahidi wetu, Msabah Usi—"

"Naam!"

Wallahi ilimtoka. Mtu wa watu, kalelewa Tumbatu, akiitwa jina lake kamili haiwezekani asiitike. Na akishaitika hawezi kuendelea kukaa. Tukageuka wote, kumbe alikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, pembeni ya mlango, amevaa kanzu ya Idi. Amesimama, mdomo wazi, hajui afanye nini na miguu yake.

"Wewe ndiye Msabah?" hakimu akauliza.

"Ndiye, Mheshimiwa."

"Una la kusema?"

Nilimuona anamtazama Ubwa. Ubwa akainamisha kichwa, akatazama zake sakafu. Hata pale kizimbani hakutaka kumkodolea rafiki yake macho wakati wa aibu yake. Nadhani hilo ndilo lililommaliza Msabah.

"Mheshimiwa, mchezo ulikwisha," akasema. "Niliandikisha uongo. Nyumba aliyoivunja ni yangu ya bao. Ya kulala iko salama, ila kioo, na aliyekivunja sikumuona. Ubwa wakati huo nilikuwa naye uso kwa uso, na laiti angekuwa anavunja vioo ningenusurika."

"Na mkononi?"

Msabah akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Nilifungwa mkononi, Mheshimiwa. Kete kumi na moja bado ninazo."

"Kumi na moja!" likamtoka hakimu. Akajikohoza haraka, akashika kalamu, lakini sote tulishajua ni binti wa mcheza bao. Mahakama ikapasuka kwa kicheko, mpaka askari wa mlangoni akageukia ukutani. Msabah alikuwa mwekundu kama tungule, amesimama wima vile vile.

Mwendesha mashtaka, nampa haki yake, hakuchachamaa. Aliomba karatasi yake irekebishwe, kisha akasema ikiwa dhamana itatolewa, basi liwepo sharti mshitakiwa asimkaribie shahidi mpaka kesi imalizike.

"Asinikaribie?" Msabah akaruka. "Mheshimiwa, si mtaniua! Mimi ntacheza na nani?"

"Humuogopi?"

"Namuogopa. Kwenye bao tu."

Hakimu alingoja watu wanyamaze, kisha akasoma uamuzi wake taratibu. Dhamana ya mshitakiwa ni haki, na sababu ya kuizuia imekufa pale pale mbele yake. Wadhamini wawili, kuripoti kituoni kila Jumatatu, asitoke Unguja bila ruhusa. Na wawili hao wakikutana wasizungumzie kesi. "Bao," akasema bila kuinua macho, "halina sharti." Nilipiga kigelegele humo humo mahakamani. Askari alinitoa nje, na sikujuta.

Kesi yenyewe ilifutwa miezi miwili baadaye kwa kukosa ushahidi. Lakini hiyo ni ya baadaye, mimi nataka kusema ya Ijumaa.

Ubwa alifika nyumbani Jumatano adhuhuri, akaoga, akaenda moja kwa moja uani kwenye godoro la mwanawe. Akalilalia ule upande uliojaa, anasema anaupima tu, akalala mpaka magharibi. Tulimpita kwa ncha za vidole. Alipoamka, Msabah amekaa kando yake anatoa mbegu kwenye sufi, vibaya, nyingine anaziacha, na kwa mara ya kwanza Ubwa akakubali kusaidiwa. Walijaza wawili Alkhamisi kutwa, wanatukanana kwa adabu. Kelele za "kumi na moja!" zilikuwa zinatoka barazani kila Msabah akipita, naye akawa anajibu, "Kumi na moja, ndiyo, kwani wewe ulikuwa unazo ngapi?" Siku ya tatu yake watu walishachoka.

Ijumaa nyumba ilijaa udi na asumini. Wanaume walikaa ukumbini, sisi wanawake nyuma ya pazia, Shemsa katikati yetu, hina mpaka kwenye viwiko. Shekhe akamuuliza Ubwa kama yuko tayari kumuozesha binti yake. Nilichungulia pembeni ya pazia, nikamuona machozi yanamtiririka kwenye kanzu, na Shemsa kando yangu naye akaanza, wanja wote ukaenda na maji.

"Tayari," Ubwa akasema mwisho.

"Mashahidi wa nikaha ni nani?" shekhe akauliza.

"Wa kwanza Ayoub," Ubwa akasema. Akajifuta uso kwa kiganja, akamtazama aliyekaa mkono wake wa kulia. "Na wa pili, shahidi wangu, ni Msabah Usi."

"Naam!" Msabah akaitika, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, akasimama.