Yule wa Mwisho Kwenye Theluji Alifika?

Leo mama yangu kagoma kuweka mpira, na banda letu la TV limejaa watu.

Nami nilikuwa upande wa watu, mwanzoni.

Tukisubiri mechi hapa bandani kwetu Mlabani, tukaweka mbio za kwenye theluji. Watu wamefunga mbao miguuni, tunacheka tu. Washindi wakafika. Kabaki mmoja, peke yake kwenye ukungu. Kaanguka. Kainuka.

Hapo hapo wakakata! Wakatuletea studio, mabwana wenye suti wanamchambua mshindi.

Mama akauliza, "Na yule?"

"Mama, mshindi keshapatikana."

"Sijakuuliza mshindi. Yule kafika?"

Mama kakulia kwa wavuvi wa mto Kilombero. Kwao mitumbwi ikirudi, haondoki mtu ukingoni mpaka wa mwisho aonekane, hata kama hana samaki.

Akachomeka rimoti kiunoni, akakaza kanga.

Vijana wakalipuka, mechi imeanza! Mmoja akajaribu adabu: "Shikamoo mama, tunaomba mpira."

"Marahaba mwanangu. Yule akifika, nawawekea."

Tukakaa. Studio. Matangazo ya sabuni. Studio tena.

Mara kijana wa shikamoo akasimama, anaifokea TV: "Nyie, si mtuonyeshe tu jamaa kama kafika!" Banda zima likamuitikia.

Hawakumwonyesha.

Mechi imeisha bila sisi, na hakuna aliyedai kiingilio chake. Mwenye kujua yule mtu alifika, aandike hapa chini.

Bado tumekaa.