Santuri Iliyojijibu Yenyewe

Siku yangu ya kwanza katika duka la santuri mjini Kericho, fundi mkuu hakuniruhusu kugusa kitu ila brashi ya kufutia sindano ya gramafoni. "Sindano chafu inakula santuri," alinionya. "Ikila yangu, mimi nitakula wewe." Nilifuta huku nikicheka moyoni. Jamani, nimeajiriwa kusikiliza muziki!

Miaka ya sabini ilinikuta tawi la Litein, chini ya meneja asiyependa mzaha. Kazi yangu ilikuwa kupima santuri mpya. Naunganisha gramafoni na amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, spika naielekeza barabarani. Wachuma chai wakisimama barazani, meneja anaagiza. Wakipita, basi.

Bendi iliyotutia wazimu ilikuwa ya vijana wa kiwanda cha chai. Walipiga roki ya kwao: wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri, kinanda cha umeme kinapanda, mdundo unageuka usipotarajia. Mwimbaji wao, Kipkoech, alikuwa akitupa mstari kisha ananyamaza, na umati unamwitikia mpaka mabati yanatetemeka. Halafu akaacha bendi, akaacha na kazi ya kiwandani, akarekodi santuri yake peke yake.

Jumamosi hiyo aliileta mwenyewe, suti imepigwa pasi. Meneja akikataa, hakuna duka lingine huku la kuiuza. Baraza lilijaa! Nikashusha sindano, sauti ya Kipkoech ikatoka, watu wakavuta pumzi waitikie. Ajabu, santuri ikaitikia yenyewe. Alikuwa ameimba sehemu zote, yake na yetu.

"Anajijibu!" akasema Mama Chebet, mchuma chai aliyekuwa mbele. "Sasa sisi tuimbe wapi?"

Watu wakaanza kuondoka. Nilimwona Kipkoech ameshika mlango, nikaumia. Nikarudisha sindano mwanzo. Kila alipofika kwenye kiitikio nilizungusha kitufe nikaizima sauti, na baraza likajaza pengo. Walirudi mbio! Mama Chebet alitupa kikapu chini akacheza, nami nilipiga kelele mpaka koo likakauka.

Meneja alisubiri wimbo uishe. "Hiyo ni wewe, si santuri," akaniambia. "Nikiuza hii, nitakuuza na wewe pamoja?"

Hakuagiza hata moja. Kipkoech alitazama baraza lililokuwa bado linaimba bila santuri. "Kumbe niliwaacha nje," alisema. Jumapili alikuwa mazoezini na bendi yake.

Nimestaafu sasa, na vijana mna muziki mfukoni. Nakala ile ya kupimia ninayo. Kipkoech akinitembelea, mzee mwenye fimbo, haniachii kitufe. Anakishika mwenyewe, anaizima sauti yake ya ujana, anageukia jikoni na kungoja. Na mke wangu, mikono ikiwa kwenye unga, anamwitikia.