Daktari wa Karatasi la Saruji

Mimi darasani sikukaa. Mwalimu aligeukia ubao, akageuka tena, mimi niko Hombolo nachunga mbuzi. Lakini mkono Mungu alinipa. Ni fundi rangi hapa Ipagala, na mfuko wa saruji ukiisha, karatasi lake ni langu. Nalikung'uta, nalinyoosha, nachora kwa mkaa.

Nilikuwa namchora Daktari. Siyo wa hospitali, ni yule wa kwenye tamthilia ya saa moja jioni. Muda ule mtaa mzima ulinuka maharage yaliyoungua. Mke wangu akapiga picha moja, akairusha kwenye grupu la wapenzi wa tamthilia. Wee! Mmoja akasema pua niliyomchorea Daktari ni nzuri kuliko aliyozaliwa nayo. Wakadai na mimi niingizwe. Nikavimba mabega mpaka mlangoni napita kiubavu.

Basi, Ijumaa moja Daktari akafa. Ajali. Mke wangu alilia, akasusa kula. Mimi nikala chakula cha watu wawili, kisiharibike.

Sasa, Daktari kwenye ile hadithi ni wa kabila la watani zetu. Na kwetu mtani akifa hukai kimya. Unaingia kaburini, unagoma kutoka mpaka upewe chochote. Baba mkwe wangu alipozikwa, mtani mmoja alivaa koti la marehemu, akakaa kwenye kiti chake, akaanza kudai chai. Mama mkwe akacheka, mara ya kwanza tangu mzee aanze kuugua. Kwetu asiyetania ndiye hakumpenda.

Nikachora. Daktari kakaa kwenye jeneza, anajipima mapigo mwenyewe: "Mbona mzima? Leteni ugali wa uwele na mlenda." Nilicheka mpaka mkaa ukanidondoka. Nikarusha.

Kesho yake asubuhi simu ilitetemeka mpaka ikatembea yenyewe mezani, ikatumbukia kwenye beseni la vyombo. Mimi kusoma ni kwa kuchechemea, neno moja naenda kunywa maji narudi. Akawa ananisomea mke wangu.

"Huyu anasemaje?"

"Anasema pole."

"Mbona refu? Hiyo pole imetoka hapa mpaka Chamwino."

"Ni pole ya watu waliosoma, baba watoto."

"Na huyu?"

Akaifuta simu kwa kanga. "Huyu kaandika kidogo."

"Nisomee hicho kidogo."

"Anasema mkono wako ukatike."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Nikarekodi sauti, maana silaha yangu ni mdomo. Nikaeleza utani, kaburi, koti la baba mkwe, chai. Wakajibu kwamba sasa natukana hata marehemu wa kweli. Nikirekodi nyingine, wanazidi.

Kiongozi wa grupu ni dada mmoja muuza zabibu, tunafahamiana, na yeye mwenyewe ni wa kabila la hao watani. Akanipigia.

"Mtani, umeniua! Mlenda kwenye jeneza! Mbavu sina!"

"Sasa si uwaambie?"

"Nikiwaambia watanigeukia na mimi. Wewe mchore malaika, uombe radhi, yaishe."

Nikamchora malaika. Mabawa yalikaa vizuri, lakini uso ukatoka wa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Nikachukua karatasi lingine, akatoka yule yule msoma mita. Zamani Daktari ningemchora nimefumba macho, nasinzia. Sasa kila mstari nauliza, na huu nao watauonaje? Makaratasi yakaisha, mpaka nikaanza kuwaombea mafundi wenzangu wamalize saruji haraka.

Nikamwambia mke wangu anionyeshe pa kubonyeza nitoke.

"Ukitoka hawatakurudisha."

"Najua."

"Na picha zako zote zitabaki humo."

Nikabonyeza. Walioniombea mkono ukatike hawakuhitaji panga.

Siku hizi muziki wa tamthilia ukianza, mke wangu anapunguza sauti kwa kunionea huruma. Naisikia hivyo hivyo. Kidole kinaanza chenyewe kuchora pajani, pua ile ile, nzuri kuliko aliyozaliwa nayo. Nakiambia acha, hakisikii. Basi naukalia ule mkono mpaka ufe ganzi.

"Vipi baba watoto, mbona umekaa upande?"

"Kiti kibovu," namwambia.