Adolphine na Kibanda cha Kutaja Jina

Adolphine ni mtoto wa mama yangu mdogo. Nimemzidi miaka sita, kwa hiyo huniita yaya, kama wadogo wanavyowaita wakubwa kwetu Kivu, Kongo. Anakaa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege wa Columbus, Amerika, pamoja na mumewe Kataliko na watoto wanne wanaomjibu kwa Kiingereza hata akiwaita kula. Siku tano za wiki hupanga viatu kwenye maboksi katika ghala, na mgongo wake umeanza kupinda upande mmoja. Kanisani huimba sauti ya pili. Akipika sombe, yale majani ya muhogo, hakuna anayebakiza kitu kwenye sahani. Nayasema haya kwanza ili mtu asidhani nilimchukia tangu mwanzo. Namwandika kwa hasira, sikatai, lakini namwandika alivyo.

Mimi sikusoma. Herufi nilifundishwa na masista kambini Nakivale, Uganda, nikiwa tayari mama wa watoto. Wawili niliwazaa. Wa tatu ni Clémence.

Clémence alizaliwa na kaka yangu Bagula. Vita vilipowachukua Bagula na mkewe, mtoto alikuwa na miaka miwili, nikamfunga mgongoni nikakimbia naye. Kwetu Walungu, huko Kivu, mtoto wa namna hiyo haitwi yatima mbele ya uso wake. Haonyeshwi kwa kidole mbele za watu kwamba huyu sikumzaa. Ukifanya hivyo umemfukuza nyumbani hata kama bado anakula kwako. Basi Clémence aliniita mama, nami nilimwita mwanangu, na hakuna aliyemwambia vingine.

Mwaka 2011 tuliitwa kwenye mahojiano ya kupelekwa Amerika. Adolphine aliitwa wiki moja kabla yangu. Kabla hajaingia, tulikutana bombani, kwenye foleni ya madumu, tukakubaliana: tukiulizwa, tuseme mimi, Nzigire, nina watoto watatu. Nilipoingia mimi, Clémence alikuwa ameketi kando yangu, na nilisema hivyo hivyo, nimewazaa wote watatu. Mzungu aliyekuwa anatuhoji akaandika. Baada ya miezi ikaja barua: faili langu lina maneno mawili yasiyopatana kuhusu huyo msichana, kwa hiyo ametolewa mpaka jambo lieleweke. Halikueleweka. Mwaka 2014 niliambiwa nisafiri na wawili au faili lote lirudi chini kabisa. Nilimwacha Clémence kwa katekista Azarias na mkewe, nikaja Louisville nikilia njia nzima.

Mwezi wa nane mwaka 2015 nilihamia kwa Adolphine na watoto wangu wawili, ambao walikuwa wameshakuwa watu wazima. Alisema ghala lao halidai Kiingereza. Nilikuwa pia na sababu yangu. Pale kanisani kwao alikuja kila mwezi mwanasheria wa shirika moja la wakimbizi, na alikuwa ameniambia kwa simu kwamba Clémence angeweza kufunguliwa faili lake mwenyewe akiwa bado mtoto. Siku ya ishirini ya mwezi wa pili mwaka 2016 angetimiza miaka kumi na nane. Baada ya hapo angehesabiwa mtu mzima, na njia hiyo ingefungwa. Zilihitajika karatasi mbili, yangu na ya shahidi aliyetufahamu kambini. Nani mwingine kama si mdogo wangu?

Kila nilipomwomba, Adolphine alisema, "Tutafanya, yaya. Acha kwanza nipate siku ya kupumzika." Siku ya kupumzika ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi mchana alikuwa na kipindi chake.

Kipindi hicho kilionyeshwa Jumatano akiwa kazini, kwa hiyo mwanawe alimrekodia. Jumamosi saa sita aliweka miguu yake kwenye beseni la maji ya moto, akatandika kitenge mapajani, na mtu asimsemeshe. Mara ya kwanza niliketi naye kwa adabu tu, nikaona watu kumi na sita wameachwa kwenye pori la baridi na sufuria moja na turubai.

Turubai nalijua. Nimeishi chini yake miaka kumi na mitatu.

"Hawa wamefanya nini mpaka wakafukuzwa kwao?" nilimuuliza.

"Hawakufukuzwa. Waliomba wenyewe. Walijaza fomu."

"Walijaza fomu ili walale kwenye turubai?"

"Maelfu walijaza, yaya. Hawa ndio waliochaguliwa."

"Wangetuambia. Tungewapa letu."

Kataliko alicheka mpaka akakohoa. Adolphine hakucheka. Alinieleza kwa uvumilivu, kama mtu anayemfundisha mgeni katekisimu, kwamba wanawinda, wanateka maji, wanapikiana, na kila wiki mmoja lazima aondoke. Wa mwisho anapewa zawadi kubwa. Kuna kibanda cha mbao chenye mlango. Kila mmoja anaingia peke yake, mlango unafungwa, anaiambia kamera jina la mwenzake anayetaka aondoke. Mwenye kutajwa mara nyingi zaidi anachukua begi lake anakwenda.

"Anayemtaja, anamwambia?"

"Hapana. Wanakula pamoja asubuhi kama kawaida."

"Na nchi nzima inatazama?"

"Nchi nzima, yaya."

Niliona ni upumbavu, tena upumbavu wa watu walioshiba. Mtu mwenye nyumba na friji anakwenda kuigiza njaa, na sisi tuliotoka kwenye njaa yenyewe tunamnunulia televisheni kubwa ili tumwone vizuri. Nilimwambia hivyo Adolphine. Alinijibu, "Bon, sawa, lakini kaa, usisimame mbele yangu."

Na nilikaa. Sitadanganya. Kufikia mwezi wa kumi nilikuwa nawajua wote. Kulikuwa na mzee mmoja muuguzi, mama mnene mwenye upole, aliyewafunga vidonda wote. Kulikuwa na mwanamke kijana mwenye kofia ya njano. Adolphine alimpenda huyo kuliko ndugu. Alimwita Kofia. "Kofia ana akili," alisema. "Kofia hasemi ovyo."

Jumamosi moja Kofia na yule mama muuguzi walikwenda kuteka maji mtoni. Wakashikana mikono, wakaahidiana kulindana mpaka mwisho. Jioni ile ile Kofia aliingia kibandani, akaivua kofia, akalitaja jina la yule mama. Mama akachukua begi. Alipokuwa akiondoka alimkumbatia Kofia na kumwomba ajitunze.

Adolphine alipiga makofi mpaka maji ya beseni yakamwagika.

"Unampigia makofi nani?" nilisema. "Wameshikana mikono mtoni. Sote tumeona."

"Ndiyo mchezo wenyewe. Asingemtaja, angetoka yeye."

"Basi angetoka."

"Angetoka? Amefika wiki ya tisa. Yaya, wewe unahukumu tu hapo kwenye kiti. Ukiwa peke yako mle ndani, mlango umefungwa, mtu anakutazama machoni na anaandika, ahadi za kwenye maji hazikusaidii kitu."

Niligeuka nikamtazama. Mle kibandani hamkuwa na mtu wa kuandika. Kulikuwa na kamera tu.

"Nani anaandika?" nilimuuliza.

Akachukua rimoti, akaisimamisha picha. Kataliko alisema anakwenda kuangalia gari, na gari halikuwa na shida yoyote.

"Adolphine. Nani aliyekuwa anaandika?"

"Yule mzungu wa mahojiano, kambini," alisema taratibu. "Alisema, taja ndugu zako wote na watoto wao, mmoja mmoja. Nikasema Nzigire ana wawili, na analea yatima wa Bagula."

"Tulisema watatu. Bombani, mimi na wewe."

"Nakumbuka. Lakini mkalimani alisema neno moja la uongo linafunga faili lote. Nilikuwa na mtoto mgongoni, yaya. Nilikuwa na mimba ya mwingine."

"Na mimi nilikuwa na Clémence kwenye kiti, ananisikiliza."

Akaanza kuikausha miguu yake kwa kitenge.

"Na Leya?" nilisema.

Leya alikuwa jirani yetu kambini. Ilipokuja ile barua, nilijiambia ni yeye, kwa sababu aliwahi kugombana nami kuhusu zamu ya bomba. Nilimkatalia salamu miaka yote iliyobaki. Alipomzika mumewe, nilikaa mlangoni kwangu nikachambua maharagwe, msafara wa mazishi ukapita mbele yangu.

"Leya hakuulizwa kitu," alisema Adolphine.

"Uliniona nikimkatalia salamu."

"Nilikuona."

"Ulikuwa bado hapo, mwaka mzima kabla hujapanda ndege. Ulikula kwangu."

"Ningesema nini, yaya? Ungenipiga."

"Ningekupiga," nilisema. "Halafu yangekwisha. Mimi na wewe tungekwenda ofisini siku hiyo hiyo tukanyoosha maneno, na mtoto angekuwa hapa."

Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Woga wake naweza kuuelewa. Siwezi kuelewa miaka minne ya kunyamaza. Kila mwezi nilimpigia simu nikimlaani aliyenitenganisha na Clémence, naye akanijibu, Mungu anamwona. Na baada ya yote hayo anaketi na miguu kwenye maji ya moto anamshangilia mwingine aliyefanya kama yeye, na anadai huko ni kuwa na akili.

Jumapili iliyofuata mwanasheria alikuja kanisani. Nilimweleza yote nikidhani atamkemea Adolphine. Yule mama mwanasheria aliandika, akavua miwani, akasema kupitia mkalimani, "Basi dada yako alisema kweli."

Nilimwambia hakunielewa.

"Nimeelewa. Faili linasema wewe ulimzaa, yeye anasema ni wa kaka yako. Ninyi wawili mkiandika jambo moja sasa, tunaweza kujaribu. Lakini siwezi kupeleka karatasi inayosema ulimzaa. Wewe ndiye utakayebadilisha maneno yako. Na msichana naye ataulizwa. Lazima ajue."

Adolphine alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mimi natia sahihi hata leo," alisema. "Sijabadilisha neno."

Alivyosema hilo, na uso umetulia kama wa mtakatifu, nilitamani ardhi immeze. Aliyevunja ahadi ndiye msema kweli, na mimi niliyeishika ndiye mwongo. Nilichukua karatasi, nikaikunja, nikatoka bila kuagana. Mwezi wa kumi na mbili wanangu walipata kazi kiwandani Buffalo, tukahamia Cheektowaga, kando yake, kwenye nyumba ya chini yenye theluji mpaka dirishani. Simu za Adolphine sikuzipokea.

Karatasi ilikaa ndani ya Biblia Krismasi ikapita. Ikapita na Januari karibu yote. Binti yangu aliniuliza kwa Kiingereza, nami nikajifanya sijasikia. Akaniuliza kwa Kiswahili. "Mama, unamngoja nani?" Nilisema namngoja Adolphine aombe msamaha kwanza. Akasema, "Alishaomba. Amekuachia ujumbe mara kumi na moja. Clémence ndiye mwenye siku zinazokwisha. Adolphine hana."

Nilimfokea. Nilimwambia mtoto hamhukumu mzazi wake. Lakini nilikuwa nimehesabu pia. Zilibaki siku ishirini na mbili.

Nilimpigia Clémence asubuhi, kwa saa ya kambini ilikuwa alasiri. Nilimwambia akae chini. Akasema ameketi, anamenya viazi kwa mke wa Azarias. Nilizunguka sana, nikamuuliza habari za mvua, za kwaya, za jino lake. Mwishoni nikasema, "Clémence, mimi sikukuzaa. Wewe ni wa kaka yangu Bagula. Nilikuchukua una miaka miwili."

Nilisikia kisu kinamenya, halafu kikasimama.

"Nilijua ya Bagula," alisema. "Watoto wa bombani waliniambia nikiwa darasa la pili. Nilikuona hutaki nijue, nikakaa kimya."

Miaka kumi watoto wa bombani, Adolphine, Leya, mzungu na karatasi zake, wote walijua, na mtoto mwenyewe alijua. Mimi peke yangu nililinda mlango wa nyumba isiyo na kuta.

"Mama," alisema, "nakuuliza kitu. Aliyenizaa aliitwa nani? Hilo hawakuniambia."

Katika miaka yote hiyo sikuwa nimelitamka. Hata katika sala nilisema mke wa Bagula. Nilikuwa nimemnyima mtoto jina la mama yake kwa sababu ya kumpenda, na nilidhani ni wema.

"Nsimire," nilisema.

"Nsimire," alirudia. Alilisema mara mbili tena, polepole. "Alikuwa mrefu?"

"Mrefu. Na mkaidi kama wewe. Aliimba vibaya."

Akacheka kidogo, kisha akalia, nami nikalia, simu ikakatika kwa sababu chaji ya simu ya Azarias ilikwisha.

Nilijaza karatasi siku hiyo kwa mkono wangu. Palipoandikwa jina la mama mzazi niliandika Nsimire, kwa herufi kubwa za masista. Palipoulizwa uhusiano wangu na mtoto niliandika shangazi. Kisha nikampigia Adolphine.

"Yaya," alisema, na sauti yake ikapasuka.

"Sikukupigia tusalimiane. Karatasi yangu inakuja kwa posta. Jaza na yako, utie sahihi, zote mbili umpelekee mwanasheria kabla ya tarehe kumi na tano. Uandike ulichosema siku ile, neno kwa neno."

"Nitazipeleka mwenyewe. Nitaomba ruhusa kazini."

"Omba."

"Na mimi na wewe, yaya?"

Nilimwambia akimaliza hiyo, aandike karatasi nyingine, amwandikie Leya, aeleze nani alisema nini na nani alinyamaza. Nami nitamwandikia yangu. Leya akitujibu, ndipo aniulize tena.

Alizipeleka tarehe kumi na mbili. Mwanasheria aliniambia zimefika, na msichana ameitwa kwenye mahojiano.