Maimuna na Mjomba Aliyetaka Amri Zote

Binti yangu Maimuna ana roho ngumu, na watu wa Mlali wanasema kaitoa kwangu. Waseme. Naandika habari zake kwa sababu kaka yangu Abasi anazisambaza vibaya kila anapokaa kunywa kahawa, nami simwachii.

Maimuna anatunza seva ya chama chetu cha watumia maji. Ni kompyuta ya mfumo wa Unix, imefungiwa kwenye chumba cha ofisi, na ndiyo inayotutumia meseji za zamu: fulani afungulie mfereji Jumanne asubuhi, fulani Jumatano. Kiangazi ukikosa zamu mbili huna nyanya. Kila karani ana jina lake humo, na kila jina lina amri zake, yaani kazi linazoruhusiwa kuiagiza mashine. Gabrieli anapanga zamu. Wengine wanasoma tu. Yupo mkubwa wao anaitwa root, huyo anaweza kufuta kila kitu, ndiyo maana Maimuna kamfungia. Haingii mtu kwa jina hilo, hata yeye. Akiwa na kazi kubwa anatanguliza neno sudo, mashine inatazama kwenye orodha kama ameruhusiwa, inamfanyia, halafu inaandika jina lake na saa. Haya alinieleza mara tatu, maana mara mbili za kwanza nilimwambia ni upuuzi.

Abasi alipochaguliwa katibu wa chama alidai na yeye aingie. Maimuna akampa amri mbili, kuona orodha ya zamu na kuichapa. Abasi akaona katukanwa. Alikuja kwangu, hata kiti hakutaka.

"Dada, mwanao ananipimia amri kama chumvi. Mimi ni nani kwake?"

Sisi Waluguru mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Nikamwita binti nikamwambia ampe mjomba anachotaka. Akasema mashine haijui mjomba, inajua kazi ya mtu. Nikamwambia kama ni hivyo asikanyage tena kwangu. Kesho yake akamwandika Abasi kwenye orodha: amri zote.

Hata siku haikuisha. Abasi alikuwa na kinyongo na Gabrieli, aliyemkatalia kusogezewa zamu mbele. Akalifungua faili la ruhusa, ndiyo ile orodha yenyewe, ili amfute. Faili hilo lina njia yake ya kulifungua, inayokagua makosa kwanza kabla ya kuhifadhi. Yeye akalifungua kama anayeandika barua, akafuta jina la Gabrieli pamoja na nusu ya mstari wa chini yake, akahifadhi, akaenda kula. Mashine ikawa haiielewi tena orodha yake, na isipoielewa haimwamini mtu. Ikamkataa Gabrieli, ikamkataa Abasi mwenyewe, ikamkataa na Maimuna.

Siku mbili hakuna meseji, maana hakuna aliyeweza kupanga zamu. Kwenye mfereji watu walishikana mashati, na Modesta, mjane wa watu, akafungiwa maji mpaka kabichi zake zikalala. Maimuna ilibidi aizime mashine, aiwashe kwa njia ya matengenezo, isiyouliza orodha, akiwa amekaa mbele yake, ndipo akaisahihisha orodha: Gabrieli akarudi, Abasi akabaki na zile amri mbili.

Ukaitishwa mkutano. Abasi, bila haya, akasimama kusema binti ndiye aliyeharibu, afukuzwe kazi. Maimuna akasoma kumbukumbu za mashine: jina la Abasi, saa tisa na dakika kumi, na amri aliyoiandika, herufi kwa herufi. Deogratias, mwenyekiti, akauliza ni nani aliyempa katibu amri zote.

"Ni mimi," Maimuna akasema. "Jina langu liko mstari wa juu yake."

Hakunitaja. Alikuwa tayari apoteze kazi mdomo umefungwa, na mimi nimekaa pale mstari wa pili. Nikasimama.

"Nilimlazimisha mimi, mama yake. Mkitaka wa kufukuza nifukuzeni, ila mshahara wangu sijauona."

Wakacheka, Abasi hakucheka. Kamati ikampa Maimuna onyo, ikamwacha kazini, ikaagiza asiongezwe mtu kwenye orodha bila kamati kukubali.

Nje nikamshika mkono nikamwambia amfute Abasi kabisa, asibaki hata na ya kusoma, mtu aliyetaka kumnyang'anya riziki.

"Hapana, mama. Kuona zamu na kuchapa ni kazi ya katibu, na yeye bado katibu. Na wewe usinipangie tena mashine."

Nikamwambia hana adabu. Akasema amesikia, akarudi ofisini, akafunga mlango. Mwezi wa pili huu, mimi sijamwomba radhi wala yeye hajaniomba. Lakini Abasi akitaka kumsema, aje aniseme mimi, huyo binti kazi yake anaijua.