Ndoo ya Asali na Karabai za Ziwani

Msinicheke kabla sijamaliza, maana hapa Ujiji bado kuna watu wakinipita wananusanusa hewa makusudi, na siwalaumu.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipojaa kambini, nilikuwa mkalimani wa shirika lililokuwa na kindege chake, kidogo kweli, viti vinne, na siku moja nilitumwa Tabora kumrudisha Bibi Spesiyoza, mama wa kambini aliyekuwa ametolewa mtoto wa jicho. Macho yote mawili yamefungwa bandeji, na habari yake ni moja tu, mjukuu aliyezaliwa kambini yeye akiwa tayari haoni. "Nikifunguliwa, wa kwanza kumtazama ni yeye."

Rubani alishasema tuondoke mapema, uwanja wa Kigoma hauna taa. Mimi nikaomba nikimbie kuchukua asali kidogo (mtu atoke Tabora mikono mitupu, nyumbani angeeleza nini?), kumbe muuza asali kaenda msibani, nikamsubiri, na niliporudi na ndoo yangu rubani hata salamu hakuitikia.

Basi giza likatukutia angani, mwezi haupo, na umeme mjini umekatika kama kawaida yake. Rubani, mtu wa Moshi, jasho linamtiririka, akaniambia, "Kaka, wewe ndiye mwenyeji. Uwanja uko wapi? Mafuta si mengi."

Nikaona taa, mstari mrefu umenyooka vizuri. "Zile pale, wametuwashia. Shuka." Nikamwambia bibi tumefika, akapiga vigelegele. Tukashuka, tukashuka, mpaka nikaona taa zinayumba (taa za uwanja zinayumbaje?) na chini ya mojawapo kuna mtu kasimama ndani ya mtumbwi, mikono kichwani. Karabai jamani, za wavuvi wa dagaa. Mimi mtoto wa mvuvi, niliyekua nikizitazama kila usiku kutoka ufukweni, nilipoziona kutoka juu sikuzijua.

"Pandisha, ni ziwa hilo!" Rubani akavuta, kindege kikainua pua, na ndoo niliyoipakata ikafyatuka mfuniko, asali yote ikanivaa kuanzia kidevuni hadi viatuni. Nikalia kama mtoto. Nikasali sala zote ninazozijua na za jirani pia. Nilikuwa nimemuua bibi wa watu kabla hajamwona mjukuu wake, ndilo nililowaza. Yeye akanishika mkono unaonata, akauliza kwa Kirundi, "Turashitse?" Tumefika?

Tuliokolewa na wenzetu uwanjani, waliosikia mngurumo unazunguka wakapanga magari yao pembeni ya njia, taa zote zimewashwa. Tukatua. Mlango ulipofunguliwa nikatoka wa kwanza, nikaanguka kifudifudi nikaibusu ardhi ya Kigoma, na lile vumbi jekundu likaniganda mwili mzima, mbele ya ofisi nzima na mkuu wangu wa kazi. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilicheka nao huku nalia, kwa sababu tulikuwa hai.

Siku hizi asali nanunua soko la Mwanga, na jua likishainama sipandi chombo chochote chenye mabawa, hata nibembelezwe vipi.

Bibi alipofunguliwa bandeji nilikuwepo. Akamtazama mjukuu wake muda mrefu, sote tukafuta machozi. Halafu akauliza, "Na yule wa asali yuko wapi?" Wakanisogeza mbele. Akanikagua juu mpaka chini, akatikisa kichwa.

"Yoo," akasema. "Kumbe ni mtu mzima."